Jibu Lisilo na Swali

Mtu akitaka kukuficha sindano hakunyimi kitu. Anakuletea gunia zima la mchele, anakutandikia na mkeka, anakuambia: haya, chambua. Kampuni moja ya programu ilifanya vivyo hivyo. Polisi waliomba barua pepe zote zilizohusu mfumo wa kuita magari ya wagonjwa, na wakili wa kampuni akazileta zimechapwa, sanduku juu ya sanduku, mpaka chumba cha upelelezi kikakosa pa kuweka mguu.

Aliyeachiwa kazi ya kuchambua alikuwa inspekta mmoja mwanamke, mtu wa makamo, ambaye kituo kizima kilimwita Kobe. Jina hilo alipewa kwa ajili ya mwendo wake, wala hakulichukia. Kobe, alikuwa akisema, hafiki mapema, lakini hapiti jani bila kulinusa. Pamoja naye alikaa Sajini, mwanamume mwembamba ambaye Mungu alimnyima mwili akamlipa kwa ulimi.

"Afande, ningejua upelelezi ni kusoma barua za watu ningekuwa tarishi," alisema Sajini. "Tarishi angalau anatembea."

"Soma."

"Hii inauliza nani amechukua chaja yake. Hii inajibu si mimi. Hii nayo inasema si mimi, ila nimemwona aliyeichukua..."

"Soma kimoyomoyo, Sajini."

Mvua ilikuwa imeshika tangu alfajiri, na taa ya dari ilizimika na kuwaka kama jicho la mgonjwa. Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka kesho yake. Kama lingekwenda lilivyokuwa, mtu mmoja angebeba kifo kizima peke yake.

Kifo chenyewe kilikuwa cha mwalimu wa kike aliyeshikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mumewe alipiga namba ya dharura. Mfumo wa kampuni ukapokea simu, ukachagua gari lililo karibu, ukamtumia mume ujumbe kwamba gari liko njiani. Kumbe gari hilo lilikuwa karakana, injini imeshushwa chini, na dereva yuko kwao. Mume akasimama mlangoni na tochi, akingoja taa zisizokuja. Mtoto alipona kwa mikono ya jirani. Mama hakupona.

Mfumo ule ulikuwa na kinga. Dereva asipoitikia, simu inarukia gari jingine, na kengele inalia kwa wasimamizi. Lakini kinga ilikuwa imezimwa. Aliyeizima alijulikana siku ile ile: fundi wa programu ambaye kazini walimwita Kimya, kwa kuwa maneno yake ya wiki nzima yangetosha kwenye kiganja. Alikuwa mahabusu sasa, na tangu alipokamatwa alisema jambo moja tu: "Niliizima mimi." Ukimuuliza kwa nini, anatazama sakafu.

Adhuhuri Kobe aliitoa karatasi iliyombana Kimya, ile ambayo wakili aliiweka juu kabisa ya sanduku la kwanza, kama mwenye duka anavyopanga nyanya nzuri mbele. Ilikuwa barua pepe ya Kimya kwenda kwa mafundi na wasimamizi wote kwa pamoja. *Sawa. Nimeizima kinga. Mfumo uko tayari kwa maonyesho ya kesho.* Basi. Hakuna kingine.

Aliisoma, akaiweka mezani, akaizunguka. Akarudi akaisoma tena.

"Sajini, nikikuta umekaa peke yako chumbani unasema 'sawa', nitakuonaje?"

"Utanipeleka hospitali, Afande."

"Mtu husema 'sawa' akiwa ameambiwa kitu. Na tazama hapa juu." Aliweka ukucha kwenye kichwa cha barua. "Alama hii mashine inaiweka yenyewe mtu anapojibu barua aliyoandikiwa. Hili ni jibu. Swali liko wapi?"

Sajini aliacha mzaha. Walipekua masanduku yote ya siku ile na ya siku iliyotangulia. Walikuta chaja, walikuta mwaliko wa harusi, walikuta ugomvi wa kiyoyozi. Swali hawakulikuta.

Wakati wakipekua, mlango uligongwa, akaingia dada yake Kimya.

Huyu hakuwa mgeni pale kituoni. Alikuwa mkuu wa shughuli katika kampuni ile ile, mwanamke mrefu wa kauli fupi, na kazini walimwita Mama Ratiba kwa sababu hapakuwa na kikao kilichofunguliwa bila yeye kukipanga. Wazazi wao walikufa Kimya akiwa bado mtoto wa kubebwa, na aliyembeba ni yeye. Alimsomesha, akamtafutia kazi, akamweka chini ya macho yake. Sasa kila siku alikuja na chakula, naye kila siku aliuliza lile lile.

"Mmefika wapi, Afande?"

"Tunachambua, mama."

"Nimekwambia na narudia. Barua ile ndugu yangu hakuiandika. Wameighushi. Mkurugenzi anataka wa kumtwika, amemwona huyu bubu asiyejitetea." Alivua kitambaa cha kichwa kilicholowa, akakikamua kwa mkono mmoja, taratibu. "Kesho jalada linakwenda. Ukilipeleka hivyo, umemzika."

"Na kinga? Ilijizima yenyewe?"

"Atakuwa aliambiwa."

"Na nani?"

"Muulizeni Mkurugenzi." Akaweka chakula mezani, akatoka.

Sajini alimtazama akishuka ngazi. "Masikini. Anapigana kama kuku mwenye vifaranga."

Kobe alikuwa akivaa koti la mvua.

Jengo la kampuni lilikuwa la vioo vitupu. Ukisimama nje unamwona mtu mpaka ghorofa ya tatu akinywa chai yake, lakini ndani kila mlango unataka kadi. Wakili aliwapokea kwenye chumba cha mikutano. Alikuwa kijana wa suti, mikono laini, mwenye tabasamu lililokuja na kuondoka kwa wakati wake, kama mlinzi wa zamu. Mkurugenzi alikaa pembeni yake, tai imemkaba, macho mekundu ya mtu asiyelala.

Kobe aliweka karatasi katikati ya meza. "Hili ni jibu. Nataka lililojibiwa."

Wakili aliitazama bila kuigusa. "Inspekta, mashine zina mambo yake. Alama hiyo inaweza kutokea hivi hivi."

"Katika masanduku yako nimekuta majibu mengi. Kila moja lina mama yake. Hili tu ndilo yatima."

"Labda ilifutwa kwa utaratibu wa kawaida."

"Utaratibu uliofuta swali ukabakiza jibu? Utaratibu huo una macho."

Tabasamu la wakili likaenda zake. Kobe akamgeukia Mkurugenzi. "Ulimwagiza azime kinga?"

"Mimi siandiki barua pepe. Nina watu wa kuandika. Muulize yeyote."

"Sikuuliza kama uliandika. Nimeuliza kama uliagiza."

"Sikuagiza!" Mkurugenzi alipiga meza, kisha akauficha mkono chini kama aliyeona haya. "Wageni walikuwa wanakuja kuukagua mfumo kabla ya kutia sahihi mkataba. Niliomba kila kitu kiwe sawa. Sikujua hata kinga imezimwa. Nilijua pamoja na nchi nzima, kwenye taarifa ya habari."

Sajini alimkazia macho. Kwake yeye kesi ilikuwa imeisha: mtu aliyepiga meza ndiye. Lakini Kobe alikuwa ameshuhudia wengi wakipiga meza kwa woga na wengi wakidanganya kwa upole, na hakutoa hukumu kwa kelele.

"Makaratasi haya yalikusanywa na nani?" alimuuliza wakili.

"Ofisi ya shughuli. Mkuu wa shughuli ndiye mwenye ruhusa ya kuingia kwenye barua za wafanyakazi wote. Mimi nilipokea, nikapanga, nikaleta."

Sajini alikohoa. Kobe aliandika jambo hilo kwa mwandiko uleule wa polepole alioandikia mengine, akapiga mstari chini yake.

"Sasa nipelekeni kwa mafundi."

"Hati yako inataja barua na nyaraka," wakili alisema akiinuka. "Programu yenyewe si nyaraka."

Kobe aliikunjua hati ya upekuzi, akamsomea: "'Na kila andiko lihusulo mfumo huo, popote lilipohifadhiwa.' Hakimu aliyeandika hivi ni mzee, lakini si mjinga. Tangulia."

Chumba cha mafundi kilikuwa baridi kama mochari. Tangu kifo kile waliamriwa wasiguse mfumo wala kuuzungumza, wakawa wanakaa mbele ya skrini kama waombolezaji mbele ya jeneza. Kobe aliketi karibu na msichana mmoja waliyemwita Miwani, aliyekuwa akifanya kazi meza moja na Kimya.

"Binti yangu, mimi kwenye kompyuta ni mgeni. Nieleze. Wewe umegusa kitu leo, kesho ukaugua. Anayeshika kazi yako anajuaje ulichogusa, na kwa nini?"

"Anasoma maelezo, Afande. Kila badiliko linawekwa na maelezo yake. Ukibadilisha bila maelezo, mashine inakataa."

"Unaandika nini humo?"

"Inategemea. Mambo madogo, maneno mawili yanatosha. Ila kinga ina sheria yake. Kinga huwezi kuigusa mpaka ubandike amri uliyopewa, na jina la aliyeitoa." Miwani alimtupia wakili jicho, akashusha sauti. "Kusema kweli wengi wetu tunaandika 'kama ilivyoagizwa', mashine inaridhika. Hakuna anayeyasoma."

"Na Kimya?"

"Kimya?" Msichana alitabasamu kidogo, tabasamu la msibani. "Yule ukimwambia funga mlango anakuuliza kwa funguo gani. Yeye anabandika yote, neno kwa neno. Tulikuwa tunamcheka."

"Fungua."

"Inspekta, napinga..." alianza wakili.

"Imeandikwa kwamba umepinga. Fungua, binti yangu."

Vidole vya Miwani vilicheza, orodha ndefu ikashuka kwenye skrini, ikasimama kwenye siku ya kabla ya maonyesho. Palikuwa na jina la Kimya, na chini yake andiko. Miwani alilisoma kwa macho, akaondoa mikono kwenye vibonye kama aliyeungua. Akasogeza kiti nyuma ili Kobe asome mwenyewe.

*Mdogo wangu, wageni wanafika kesho na kinga inapiga kelele kila gari likichelewa kuitikia. Mbele ya watu itatuvua nguo. Izime, nitakwambia ukaiwashe. Mkurugenzi hajui, na asijue, maana atakataa na mkataba utatupita. Najua utasema haifai. Nakuomba kama dada yako, si kama mkubwa wako wa kazi.*

Juu ya andiko lilikuwapo jina la aliyelituma. Hapakuwa na haja ya kulisoma.

Sajini alivua kofia yake. Mvua ilisikika ikipiga vioo. Kobe aliuliza, "Sheria hii ya kubandika amri, nani aliiweka?"

"Mama Ratiba," Miwani alisema. "Alikasirika, mafundi walikuwa wakikosea wanamsingizia yeye. Lakini yeye mwenyewe huku hajawahi kuingia. Huku ni jikoni kwetu."

Kobe aliagiza andiko linakiliwe mbele ya mashahidi, wakili akiwapo. Akamtaka Miwani aandike jinsi lilivyopatikana, hatua kwa hatua, atie sahihi. Kazi hiyo iliwashika mpaka alasiri, na hakuna aliyemharakisha.

Walimkuta Mama Ratiba kituoni, kwenye benchi la ukumbini, akingoja vyombo vyake. Kobe alimkaribisha chumbani, akamwonya kwa mujibu wa sheria kwamba halazimiki kusema. Kisha akampa nakala.

Mwanamke yule alisoma mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika. Akailaza karatasi mezani na kuikandamiza kwa kiganja.

"Amewaambia yeye?"

"Hajafungua mdomo. Tumelitoa ndani ya mfumo."

"Nilifuta kila mahali."

"Ulifuta barua. Hukufuta kazi."

Alikaa akitazama ukuta. "Nilikusudia siku moja tu, Afande. Wageni wakaongeza siku. Akaja ofisini kwangu akasimama mlangoni, unajua anavyosimama, akaniuliza, 'Dada, niiwashe?' Nikamwambia subiri watie sahihi. Wakatia sahihi tukashangilia, na mimi nikasahau. Wallahi nilisahau, kama mtu anavyosahau chungu motoni."

"Na ulipokumbuka?"

"Nilikumbuka nilipomwona mume wa yule mama kwenye runinga."

"Kisha ukafuta swali, ukaacha jibu."

"Jibu mafundi wote walikuwa wameshalisoma, kulifuta kusingesaidia. Nilidhani nikisema limeghushiwa, na nikimsukumia Mkurugenzi, mdogo wangu atatoka na mimi nitabaki nje. Nilitaka vyote viwili." Akacheka bila sauti. "Mtaka yote, nimewasikia wakubwa wakisema, hukosa yote. Niandikie, nitatia sahihi. Ila niandikie kwamba yeye alinitii tu. Hilo usilisahau."

Kobe aliandika. Mama Ratiba akasoma, akatia sahihi, na askari wa kike akampeleka upande wa mahabusu wanawake. Alitembea wima.

Lilibaki jambo moja la utaratibu. Mtuhumiwa anapopatikana mwenzake, lazima aelezwe na apewe nafasi ya kusema. Kimya aliletwa chumbani. Alikuwa kijana mkubwa wa mabega, kichwa kimeinama kama wa mtu anayepita milango mifupi. Kobe alimwonya kama alivyomwonya dada yake, akamwekea mbele nakala ya andiko, na pembeni yake maungamo yenye sahihi.

Kimya aliweka kidole juu ya sahihi ile.

"Ulikuwa na mtu wa kumfunga," alisema. Sauti ilikuwa na kutu. "Nilikuwa hapa. Kwa nini hukutosheka?"

"Kuna mwanamume anabembeleza mtoto asiye na mama. Aliniuliza nani. Sikutaka kumpa nusu ya jibu."

"Mimi pia nililelewa bila mama. Nilikuwa naye yeye. Sasa umenifanya yatima mara ya pili."

Sajini, aliyekuwa mlangoni, aliufunga mlango taratibu.

Kimya alivuta kiti karibu na meza. Akanyoosha mgongo. "Andika, Afande. Ile amri niliitunga mimi. Dada hakuniandikia kitu. Nilitaka kuizima kinga ili maonyesho yaende vizuri nisifiwe, na mashine ilikataa bila amri, nikatunga maneno nikaweka jina lake."

"Dada yako ameshakiri."

"Amesema uongo ili kuniokoa. Ndivyo alivyo. Tangu zamani akivunja mtu mwingine sahani, anapigwa yeye."

Kobe alimtazama kijana yule. Siku zote hizo alimwomba aseme, na leo alipofungua kinywa, lililotoka lilikuwa uongo. Hata hivyo sheria inasema maelezo ya mtuhumiwa yaandikwe kama alivyoyatoa, nayo kalamu ya mpelelezi haina ruhusa ya kuhurumia.

"Sema polepole," alimwambia. "Niandike."

Akaandika. Kimya alisema kwa mpangilio, akaeleza alivyolitunga kila neno, mpaka "mdogo wangu", mpaka "nakuomba". Alipomaliza, Kobe alimsomea yote, kisha akalaza maungamo mawili kando kwa kando chini ya taa iliyokuwa ikizimika na kuwaka.

"Nisikilize, mwanangu. Dada yako ameandika kwamba ulimtii. Hilo lingekupunguzia. Wewe umeandika kwamba ulighushi. Likisimama, umeongeza kosa. Lisiposimama, na halitasimama, umeidanganya polisi, na ushahidi wa dada yako juu yako umeharibika. Ukitia sahihi hapa humtoi. Mtazama nyote wawili."

Kimya aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari alizokwisha kuzijua. Akanyoosha mkono juu ya meza.

"Nipe kalamu," alisema.